Chumba cha Kufikiria Maji

Krrr. Kho. Fyuuu.

Hivyo ndivyo bomba la uani kwetu lilivyokuwa likisema alfajiri, giza bado limekaa. Unalifungua kwa kupapasa, unakinga ndoo, linakoroma, linakohoa, linapuliza kaupepo kenye harufu ya chuma, halafu kimya. Binti yangu Hidaya, ambaye siku zile bado alikuwa analala na kidole mdomoni, aliamini kwamba mle ndani anaishi paka.

"Mama, paka ameamka."

"Mwache. Anajinyoosha tu."

"Atatoka lini?"

"Siku maji yakija. Paka hapendi kulowa."

Jibu hilo nililitoa kwa nia njema. Mama mwenye ndoo tupu hujibu lolote linalokuja mdomoni.

Sasa nisieleweke vibaya. Sikusema hata siku moja kwamba kukosa maji kwetu ni kosa la mtu. Katika nchi yetu hakuna jambo lililowahi kuwa kosa la mtu. Mambo yalikuwa ya namna mbili tu: yaliyokwisha kufikiriwa, na yanayosubiri kufikiriwa. Bomba kubwa lilikuwa limefika mpaka kona ya mtaa wetu wa Vumbini, limejaa maji pomoni, na koki yake ipo palepale chini ya kifuniko. Lakini koki haiwezi kufunguliwa hivihivi, kama vile nchi haina wenyewe. Lazima kwanza ifikiriwe, na ifikiriwe na mtu aliyeteuliwa kufikiri.

Aliyeteuliwa kutufikiria sisi alikuwa Mheshimiwa Dokta Kasimbazi, Mkurugenzi wa Fikra za Maji. Na mimi, kwa bahati ambayo mpaka leo namshukuru Mungu, ndiye niliyekuwa katibu muhtasi wake. Nilisoma masomo ya jioni, Hidaya mgongoni, nikajua kupiga chapa, kupokea wageni, na tofauti kati ya "yuko kikaoni" na "ametoka kidogo". Siku nilipopata ile kazi mtaa mzima ulipiga vigelegele. Bi Asumini, mama mtu mzima anayesimamia foleni yetu ya ndoo, alinishika mkono.

"Mwanangu, umekaa mlangoni kwa mtu anayefikiri. Mwambie atufikirie sisi kwanza."

"Nitamwambia, Bi Asumini."

"Usiseme nitamwambia kama wanavyosema wao. Sema kama unavyosema wewe."

Nikamwahidi kwa sauti yangu mwenyewe. Nikamwahidi Hidaya pia.

*

Hapa nieleze kidogo kuhusu foleni. Kwetu Vumbini mtu hapangi foleni kwa mwili wake. Nani ana nafasi hiyo? Unapanga ndoo pale kona penye koki, unaenda kupika, kufua, kujifungua hata, na ndoo inakaa pale kwa niaba yako. Kuiruka ndoo ya mtu ni kumruka mwenyewe, na vita vyake havina msuluhishi.

Nilipoanza kazi nilifurahi sana kukuta wizarani nako wana mila hiyohiyo, isipokuwa wao wanatumia makoti. Koti la Mheshimiwa, la kijivu, lenye kalamu mfukoni, lilikuwa likivishwa kiti asubuhi. Koti likiwapo, Mheshimiwa yupo. Wageni wenye adabu walilisalimu. Wengine walilieleza shida zao kwa kirefu na kutoka wameridhika, maana halikuwakatiza.

Lakini Mheshimiwa naye, siku akija mwenyewe, hakuwa na raha. Aliketi, akashika kichwa, akaniita.

"Mama Hidaya, hebu tulia. Unasikia nini humu ndani?"

"Sisikii kitu, Mheshimiwa."

"Umeona! Na mimi vilevile. Naingia kichwani, nasikiliza, hakuna kitu. Mtu kama mimi, kichwa hiki, shahada zile pale ukutani. Tatizo ni nini?"

Masomo ya jioni hayakufika hapo.

"Tatizo," akasema, "ni chumba."

*

Ndipo akaletwa Mtaalamu Nyakunga. Huyu alikuwa amepelekwa ng'ambo kusomea uhusiano wa samani na ubongo, akarudi na tai ya rangi ya parachichi na kipima-akili. Kipima-akili ni kisanduku chenye sindano kama ya mizani, na mkanda wa kufunga kichwani. Akatukusanya wafanyakazi wote, akatusomesha.

"Akili ni mgeni," alisema. "Mgeni ukimkalisha vibaya, afanyeje?"

"Anaondoka!" tukaitikia.

"Mmewahi kuikalisha vizuri?"

Tukatazamana kwa aibu.

Akamfunga Mheshimiwa mkanda. Sindano ikalala. Akaufungua, akalifunga koti. Sindano ikalala vilevile, palepale, bila tofauti hata ya unywele. Mimi nilimwonea huruma bosi wangu. Lakini msomi ni msomi. Nyakunga alitabasamu.

"Mmejionea wenyewe," akasema. "Tatizo haliko kwa mtu. Liko kwenye mazingira."

Makofi hayo! Mheshimiwa mwenyewe alipiga mpaka saa ikamvuka mkononi.

*

Walianza na dari. Mtaalamu alieleza kwamba fikra kubwa hupanda juu kama moshi, na zikigonga dari zinarudi zimekunjamana, ndiyo maana nchi ina mikunjo mingi. Dari la Mheshimiwa likavunjwa. Juu yake palikuwa na Idara ya Malalamiko, basi wale ndugu zetu wakabaki na meza zao zimebanana pembezoni mwa kuta, wakipita kwenye boriti kwa mwendo wa mbuzi. Wiki ile malalamiko ya wananchi yakaanza kudondoka moja kwa moja mezani kwa Mheshimiwa, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu tupate uhuru. Haraka sana ikatandwa chandarua.

Sisi wa ngazi ya chini tulifanyiwa kinyume chake. Kazi zetu ni za mambo madogomadogo, na mambo madogo, alisema Mtaalamu, hustawi chini ya dari dogo. Letu likashushwa. Mimi sikupata taabu sana, ni mfupi. Wanaume wa masijala walilazimika kutembea wameinamisha vichwa tangu asubuhi mpaka jioni, na wageni wakasifu kwamba heshima imeongezeka mno ofisini kwetu.

Kisha rangi. Ilikubalika kwamba kijani huamsha ubongo, lakini kijani kipi? Wengine walitaka cha mchicha, wengine cha embe bichi, na kundi moja lenye msimamo mkali likashikilia cha chura. Wakatengana vikao. Wakasuluhishwa. Mwisho kila ukuta ukapewa kijani chake, na mhudumu mmoja akawa anapotea kila akipeleka chai, anadhani yuko nje.

Kipima-akili kikafungwa tena. Sindano usingizini.

Kila jioni nilipofika nyumbani Bi Asumini alikuwa ananingoja kibarazani.

"Ameshafikiri?"

"Bado, Bi Asumini. Wanamtengenezea chumba."

"Kwani anajifungua?"

"Wanasema kikikamilika atafikiri mara moja."

"Haya," akasema, akigeuza ndoo yake chini juu akaikalia. "Na sisi tutakoga mara moja."

*

Dawa ya mwisho ilikuwa sauti. Mtaalamu aliitangaza akiwa amefumba macho, mikono ameinua.

"Ubongo wa binadamu, waheshimiwa, ulikulia kando ya mito. Upe sauti ya maji yanayoporomoka, utaona maajabu. Mkurugenzi wa Fikra za Maji anafikirije maji asiyoyasikia?"

Kweli, hata mimi niliona ina mantiki. Ikaamuliwa yajengwe maporomoko ndani ya ofisi ya Mheshimiwa: kutoka juu lilipokuwa dari, juu ya mawe yaliyong'olewa mlimani, mpaka kwenye kidimbwi kando ya kiti chake.

"Maji yatoke wapi?" akauliza mmoja.

"Swali zuri," akasema Mheshimiwa. "Yatoke mahali ambapo hayatumiki."

Wakapekua taarifa. Ikaonekana kuna mtaa mmoja ambao kwa muda mrefu sana haujatumia maji hata tone. Mtaa wa Vumbini.

"Kama hawayatumii," akasema Mheshimiwa, "maana yake hawayahitaji."

Nilikuwa nimeinama mlangoni nikigawa vikombe. Niliinua mkono, ukagonga dari.

"Samahani, Mheshimiwa. Hawayatumii kwa sababu hayajafika. Ni kwetu kule. Ile koki bado..."

Aliniangalia kwa upole wa baba mzazi.

"Mama Hidaya, hizo ni fikra za dari la chini. Si kosa lako."

Bomba kubwa likageuzwa pale kona. Lilipita nyuma ya soko, likaingia wizarani kwa mlango wa heshima.

Kesho yake alfajiri Hidaya aliamka, akakaa kitandani gizani, akasikiliza. Nilikwenda uani nikafungua bomba. Halikukoroma, halikukohoa, halikutoa hata upepo.

"Mama, paka haamki."

"Amelala."

"Amekufa?"

"Hapana, mwanangu! Amelala tu."

Alinishika kanga akalia, na mimi sikuwa na maji ya kumnawisha uso.

*

Siku ya uzinduzi ilibidi niende naye kazini, maana chekechea ilikuwa imefungwa kwa kukosa maji ya kunawa mikono. Nilimficha nyuma ya mmea mkubwa wenye majani kama masikio ya tembo. Waziri alikuja. Zulia lilitandikwa. Mheshimiwa Kasimbazi alisoma hotuba ndefu, na kipande hiki nilikipiga chapa mwenyewe kwa hiyo nakikumbuka:

"Leo, Mheshimiwa Waziri, taifa linaaga zama za kufikiri kwa shida na kuingia zama za kufikiri kwa starehe. Ubongo wangu, ambao ni mali ya umma, sasa umepata makazi. Wananchi wa Vumbini wasubiri mambo makubwa!"

Waziri akavuta utepe. Tukainua macho kule juu. Kimya.

Krrr, yakasema maporomoko. Kho. Fyuuu.

"Mama!" Hidaya akaruka kutoka nyuma ya majani. "Paka wetu yuko huku!"

Ukumbi ulicheka. Walinzi hawakucheka. Wawili waliingia chini ya meza kumtafuta paka, na Waziri, ambaye ana mzio wa manyoya, alipiga chafya papo hapo kwa tahadhari. Halafu maji yakashuka. Jamani, maji yale! Meupe, mengi, yakiruka jiwe hadi jiwe, yakijimwaga kidimbwini bila mtu wa kukinga. Hidaya aliyakodolea macho. Mimi nilimkumbatia, nikayakodolea pia.

Mheshimiwa alifungwa mkanda, akaketi, akafumba macho. Tukasubiri fikra. Baada ya muda kichwa kikaanguka kifuani na ikasikika sauti nyingine chini ya ile ya maji, nzito, ya kukwaruza.

"Anakoroma?" Waziri akanong'ona.

"Anazama," akasema Mtaalamu Nyakunga. "Anazama kwenye kina."

*

Jioni ile nilimsimulia Bi Asumini, kama habari tu. Wallahi, sikuwa na nia nyingine. Alisikiliza mpaka mwisho, kidole kikizunguka ukingo wa ndoo.

"Siku ya wananchi kupeleka shida kwa Mkurugenzi ni lini?"

"Alhamisi. Lakini Bi Asumini, mlangoni pameandikwa mwananchi aingie na shida yake tu, asibebe kitu kingine."

"Hatubebi kingine."

Alhamisi Vumbini nzima ilikuja. Mlinzi wa getini aliwazuia.

"Nyie akina mama, ndoo hizo za nini?"

"Ndoo gani, baba? Hizi ni shida," akasema Bi Asumini. "Chungulia ndani kama huoni."

Mlinzi akachungulia. Ndani palikuwa pakavu, pana buibui. Kijana wa watu ni mtu wa kufuata sheria, na sheria ilisema shida. Akafungua.

Foleni ikaanzia kwenye kidimbwi cha Mheshimiwa, ikatoka mlangoni, ikapita chini ya dari letu fupi, ikashuka ngazi mpaka kwenye bustani. Ndoo, madumu, beseni, sufuria moja isiyo na mkono, na mwisho kabisa kikombe cha Hidaya cha plastiki. Bi Asumini alisimama mbele ya kiti.

"Hujambo, koti? Mwenyewe yupo?"

"Yupo, Bi Asumini," nikasema, kwa sababu ndiyo kazi yangu. "Ila ametoka kidogo."

"Basi na sisi tupo, ila tumetoka kidogo."

Wakateremka wote kwenda kukaa kivulini nje, wakafungua vikapu vya mihogo. Ndoo zikabaki.

Mheshimiwa alirudi kutoka chakula cha mchana, akasimama mlangoni kwake na kijiti cha meno mdomoni.

"Mama Hidaya! Za nani hizi?"

"Za wananchi, Mheshimiwa. Wapo kwenye foleni."

"Wako wapi? Mimi naona ndoo!"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Na lile ni koti."

Nilisema hivyo tu, kama mtu anavyoonyesha hii meza, hili dirisha. Lakini wanaume wa masijala, walioinamisha vichwa siku zote, waliinamisha zaidi, mabega yao yakawa yanatikisika. Nikaona kazi yangu inateleza kwenda zake, na sabuni, na ada ya chekechea.

Hakupata nafasi ya kunijibu, maana kelele zilikuwa zimepanda ngazi. Wenye ndoo walikuwa wanarudi.

Msomaji, umewahi kusikia foleni ya maji ikizungumza? Sasa iweke kwenye chumba kisicho na dari.

"Wewe Mama Sikudhani! Ndoo yako ilikuwa nyuma ya beseni langu!"

"Beseni lina mguu? Limetembea lenyewe?"

"Lisogezeni lile dumu, mwenye nalo ananyonyesha!"

"Hee, maji matamu haya, yana kiyoyozi!"

Mama mmoja akamketisha mwanawe kidimbwini na kumsugua shingo. Mtoto akapiga ukelele, ukelele ukapanda mpaka Idara ya Malalamiko, nao wakajibu kutoka kwenye boriti. Mheshimiwa aliketi, akafumba macho. Akayafumbua. Akaweka vidole masikioni. Akafumba tena. Usingizi hauwezekani.

Nyakunga akaja mbio na mkanda, akamfunga kichwani. Sindano ikashtuka.

"Imetikisika!" akapiga kelele. "Imepanda! Mheshimiwa, unajisikiaje?"

Mheshimiwa alikuwa amekodoa macho kama mtu aliyesikia mwizi jikoni.

"Kuna kitu humu," akasema, akijigusa kipaji cha uso. "Mama Hidaya, nafikiri... nafikiri ninafikiri."

"Unafikiri nini, Mheshimiwa?"

Hata mtoto wa kidimbwini alinyamaza.

"Nafikiri kwamba..." jasho likamtoka, "kwamba hawa watu, kama wangekuwa na maji yao kwao... wasingekuwa hapa kwangu."

Ilikuwa fikra ya kwanza ya idara yetu, na tuliiona ikizaliwa.

"Nzuri sana!" Mtaalamu alikuwa karibu kulia. "Sasa tuiache ikomae. Semina mwezi ujao, halafu kikao cha..."

"Ikomae," akasema Bi Asumini, akiketi juu ya ndoo yake katikati ya zulia. "Sisi hatuna haraka, baba. Ndoo zitakaa hapahapa mpaka zijazwe kwetu. Mama Sikudhani, endelea, ulisema beseni limekufanyaje?"

Mama Sikudhani akavuta pumzi.

"Rudisheni bomba!" akalia Mheshimiwa. "Leo! Sasa hivi! Fungueni na ile koki!"

*

Taarifa rasmi imesema mafanikio yote yalitokana na urefu wa dari. Sipingi. Mtaalamu Nyakunga amepandishwa cheo, na katika mwongozo wake mpya wa samani za ofisi, baada ya zulia na kabla ya feni, ameingiza "wanawake wenye ndoo". Nasikia Wizara ya Barabara imeomba na yenyewe iletewe watu, wa matope.

Mimi nilipewa onyo kali kwa kuliita koti koti mbele ya wananchi. Adhabu yangu ni kwamba meza yangu imetolewa nje kabisa, uani pa wizara, mahali pasipo na dari wala ukuta wala kijani cha chura. Juu yangu ni mbingu tu. Mvua ikinyesha nasogea upenuni. Nasikitika kusema kwamba sijawahi kufikiri vizuri kama ninavyofikiri sasa, ila sijamwambia mtu, wasije wakanirudisha ndani.

Na ule usiku uliofuata Alhamisi sikufungua mdomo nyumbani, nisije nikaahidi tena. Nililala na Hidaya ubavuni, bomba nimeliacha wazi, ndoo chini yake.

Kukaribia kupambazuka, giza bado limekaa, tukasikia uani: krrr.

Hidaya akatoa kidole mdomoni.

Kho. Fyuuu.

"Amerudi!" Akaruka kitandani, mimi nyuma yake, kanga mkononi, tukasimama pale miguu mitupu. Bomba likatetemeka lote. Likakohoa kwa nguvu, likatema kutu, halafu kitu kizito kikapiga chini ya ndoo, kikaendelea kupiga, na kutoka uani kwa Bi Asumini nikasikia ndoo nyingine ikilia vilevile, na nyingine, mtaa mzima. Hidaya aliingiza mkono chini ya maji, akautoa, akautazama ukichuruzika. Kisha akainama, akachungulia kwa huruma ndani ya mdomo wa bomba.

"Mama," akasema, "paka amelowa."